Shuka ya Mwezi wa Saba

Kambi ya Kiwanda cha Mawese, Riau
14 Februari 2017

...na ndiyo maana nasema hukunipa nafasi, Shangazi. Pale kwenye kivuko ndiyo kwanza nilikuwa nafungua mdomo, honi ikalia, ukanisukuma ndani pamoja na kikapu chako cha samaki, nikaondoka na maneno yangu mpaka huku Riau. Nilitaka kusema hivi: nina furaha. Basi. Sasa nimemaliza.

Shikamoo, Shangazi Tiurlan. Habari za Samosir? Habari za ziwa, habari za vitunguu, habari za kuku wako wanaotaga kwenye kikapu cha nyuzi? Baba anakunywa dawa zake za presha, au bado anazitia mfukoni mwa shati na kulifua nazo? Mwambie nimeuliza. Mwambie nimeuliza kwa ukali.

Sisi wazima kabisa. Nyumba tuliyopewa ni ya mbao, ina vyumba viwili. Kimoja tunalala, kingine tunakiangalia tu kwa kuwa hakina kitu. Kila kitu hapa kinanukia mawese: mapazia, mto, chumvi. Lambok akitoka kiwandani ananukia mawese mpaka ndani ya masikio, na mimi, utanicheka, nimeipenda harufu hiyo kuliko sabuni. Nasikia pikipiki yake tangu kona ya matangi, moyo unaanza kunirukaruka kana kwamba alikuwa safarini mwaka mzima, na kumbe ametoka asubuhi ya leo. Jana aliniletea ua la porini limebanwa kwenye spana. Kwenye spana, Shangazi!

Kuanzia hapa usimsomee Baba.

Mume wangu ni wa shoto. Unakumbuka alivyokula siku ya harusi, wali ukimwagikia suti, Baba akawaambia wazee, "Mkwe wangu ana adabu, anakula polepole"? Haikuwa adabu. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto tangu asubuhi ili usimponyoke mbele ya watu. Mama yake alikuwa akiufunga kwa kitambaa alipokuwa mdogo, haikusaidia. Hapa kiwandani anafungua nati zote kwa shoto na hakuna anayemshinda. Lakini wewe unamjua Baba. Mtu akimpa chenji kwa mkono wa kushoto anaiacha mezani na kuondoka. Basi iwe siri yetu.

Haya, sasa unaweza kumsomea. Baba, kila nikifumba macho naona ulivyotufunika ile ulos, shuka ya baraka aliyoifuma Shangazi. Kwa kuwa Mama hayupo tena kushika ncha ya pili, ukazishika zote mbili mwenyewe, ukaivuta shuka mpaka mabega yetu yakagongana. Lambok anasema bado linamuuma bega. Anadanganya. Ananionyesha mahali lilipogongwa kila siku.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Rumondang


Samosir
21 Machi 2017

Mwanangu Rumondang,

Barua yako ilikuja na basi la Jumamosi. Imekaa kikapuni kwangu muda mrefu kuliko ilivyostahili, na sababu utaiona.

Hatujambo. Vitunguu vimechimbwa, vingi, bei mbaya. Kwaya ya kina mama imepata mwalimu mpya anayetufokea kama watoto wa shule. Mwanangu Sahala bado hajaoa. Ungemkubali yeye, kama ilivyo desturi ya binti na mtoto wa shangazi yake, saa hizi ungekuwa unanichotea maji mimi badala ya kunusa matangi. Lakini nimesamehe. Mwanamume anayeleta ua kwenye spana si wa kutupa.

Sasa kaa chini.

Baba yako alianguka mwanzoni mwa mwezi huu. Alikuwa bandani, anafunga mafungu ya vitunguu. Nilisikia kitu kimeanguka, nikafikiri ni gunia. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia na mguu wa kulia havimsikii. Sahala na majirani walimbeba mpaka kivukoni, na ng'ambo tukapata gari la wagonjwa hadi hospitali ya Medan. Ni presha. Mshipa umepasuka, damu imevuja ndani ya kichwa. Siku ya tatu walimwingiza kwenye ile mashine ya kupiga picha za ubongo. Daktari ni binti mdogo, ana subira. Alisema ni vizuri picha imepigwa mapema.

Tumeshamrudisha nyumbani. Anaongea, ingawa maneno yanatoka kama yamelowa maji. Mguu unaamka. Mkono unapumzika.

Sikukupigia simu kwa kuwa ungepanda basi siku hiyo hiyo, na juzi uliniambia kwa simu siku zako zimechelewa. Barabara ya kwenu haifai kwa mwanamke mwenye jambo hilo. Wala usipige simu kuuliza mambo ya ugonjwa. Simu iko kando ya mto wake, anaiweka sauti ya juu, na kila neno linamfikia. Andika.

Kula. Lala mchana.

Shangazi yako


Riau
9 Aprili 2017

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sijui nianze na salamu gani. Habari za Baba, habari za Baba, habari za Baba.

Nilisoma barua yako nimesimama uani, na uliniambia nikae. Nilipofika kwenye gunia la vitunguu nililia kwa sauti mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi akidhani Lambok amenipiga. Lambok maskini alikuwa hata hajarudi. Aliporudi ikabidi kwanza ajitetee kwa jirani ndipo aje anibembeleze. Alinipikia uji mwenyewe, una madonge, nikaula wote.

Na jambo lenyewe ni kweli, Shangazi. Nina mimba. Mkunga wa zahanati amethibitisha. Nilitokwa na damu kidogo wiki ya kwanza ya mwezi huu, imekoma, ila amenikataza safari yoyote ya basi mpaka atakapotamka yeye. Nimemsihi. Amesema, "Mama, unataka kumwona baba yako au unataka kumpelekea msiba?" Ndipo nikaacha kumsihi.

Nalia na ninacheka saa hiyo hiyo. Naweka mkono tumboni, nafurahi, halafu naukumbuka mkono wa Baba na naona haya kufurahi.

Lakini nimehesabu. Mwezi wa saba wa mimba utaangukia Septemba. Baba atakuja na ulos ya tumbo kama inavyompasa baba wa mke, atanifunika mimi na Lambok na mtoto aliye ndani. Mpaka Septemba si muda mrefu wa kumtosha kupona? Msomee maneno haya kama nilivyoyaandika: Baba, mjukuu wako anakungoja. Nataka mikono yako miwili kama siku ile ya harusi, univute mpaka nigongane na mume wangu. Kaza mazoezi. Usiuonee huruma huo mkono.

Na wewe, Shangazi, nijibu: hiyo picha ya siku ya tatu ilisema nini?

Rumondang


Samosir
30 Mei 2017

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na habari yako imefika kabla ya salamu, kwa kuwa nilimwambia baba yako mlangoni kabla sijakaa. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mvua zimechelewa kuisha. Mchungaji amekuja kumwombea, akakaa mpaka chakula, kama kawaida yake.

Nilimsomea yale maneno. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Septemba. Basi nina muda."

Tangu siku hiyo hana utani. Alitaka kitu cha kuminya, nikampa donge la uzi kutoka kwenye kitanda changu cha kufumia, uzi mwekundu. Namwekea kiganjani, namfunga vidole kwa vidole vyangu, naachia, na vidole vinabaki kama nilivyoviacha. Donge likidondoka paka analiviringisha chini ya kitanda, nami nalitafuta kwa ufagio. Tunaanza tena. Asubuhi nzima, na jioni.

Mguu ni mzuri. Amefika mlango wa jikoni kwa fimbo.

Shida yangu ni chakula. Juzi nilimwambia:

"Shika kijiko kwa mkono mwingine."

"Mkono mwingine ni wa chooni, Dada."

"Sasa mimi nikulishe mpaka lini? Midomo yako inanichungulia kama kifaranga."

"Mpaka Septemba."

Basi namlisha.

Kuhusu picha, ni karatasi kubwa nyeusi zenye rangi, ziko ndani ya bahasha. Nimeziweka juu ya kabati zisilowe. Paka amezaa watatu.

Shangazi yako


Riau
11 Julai 2017

Shangazi,

Shikamoo. Kwetu salama. Lambok ameongezewa zamu, anarudi amechoka lakini haachi kuniimbia tumbo, nyimbo za kanisani zote, sauti yake mbaya, mtoto anapiga teke kila afikapo kwenye kiitikio. Nimeshaanza kutembea kama bata. Amesema ni bata mzuri kuliko wote wa Riau. Nampenda mpaka naogopa.

Kuanzia hapa usimsomee Baba.

Mkunga wangu ana mama mkwe aliyepata kiharusi cha damu kama Baba. Nilimsimulia, naye akaniuliza, "Walimpiga picha ya ubongo mapema?" Nikasema siku ya tatu. Akasema, "Basi nyumbani kwenu wanajua." Nikamuuliza wanajua nini. Akanieleza kwamba kuna njia ya nyuzi inayotoka kwenye ubongo kushuka mpaka mkononi na mguuni, na picha ya siku za mwanzo huonyesha kama damu imeisukuma tu au imeikata. Ikiwa imesukumwa, mkono hurudi, hata kama leo umelala kama gogo. Ikiwa imekatwa, haurudi, hata ukiuminya vipi. Mama mkwe wake waliambiwa utarudi. Ukarudi. Wengine huambiwa mapema ili nguvu zao wazipeleke kwenye kiungo kitakachowafaa, maana miezi ya mwanzo ndiyo mwili unapojifunza upesi.

Shangazi, nilikuuliza picha, ukanijibu paka.

Kama picha ilisema vizuri, ungeniandikia kwa herufi kubwa. Nakujua. Na kama ilisema vibaya, kwa nini Baba bado anaminya uzi? Anaminya kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu, mimi niliyemwambia akaze na asiuonee huruma. Nimeyakumbuka maneno hayo leo nikifua, nikakaa chini palepale kwenye maji.

Niambie. Mimi si bibi harusi wa kufichwa, nitakuwa mama wa mtu.

Rumondang


Samosir
3 Septemba 2017

Mwanangu Rumondang,

Nakusalimu wewe, na mume wako, na aliyeko tumboni. Nimekaa kimya nikijua kwamba unangoja. Vitunguu vipya vimeota. Sahala amepata mchumba, mtoto wa watu wa ng'ambo ya ziwa. Hizo ndizo habari nzuri, nimezimaliza.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya baba yako kuonwa tena Medan. Alivaa shati la harusi yako. Aliingia kwa yule daktari kwa miguu yake mwenyewe, fimbo ikigonga sakafu, na binti yule akasimama akampigia makofi. Akasema, "Mzee, mguu umefanya kama nilivyotarajia." Kisha akachukua kalamu akauliza:

"Na mkono wa kushoto umefika wapi? Unaandika? Unavaa mwenyewe?"

Baba yako akacheka. "Wa kushoto ni mzima, Daktari. Mgonjwa ni huyu wa kulia."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nauliza wa kushoto. Tulimweleza dada yako mwezi wa tatu..."

Daktari akanitazama. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Hakuwa na ukali, nasema kweli. Aliwasha kioo akaileta ile picha. Nilikuwa nimeshaiona mara moja, na laiti nisingeiona. Ubongo wake umetiwa rangi. Upande mmoja nyuzi zinashuka nene, pamoja, sawasawa kama mtande uliotandikwa na mtu anayejua kazi. Upande wa pili zinashuka hivyo hivyo mpaka zinapofika kwenye lile donge la damu, na hapo zinaisha. Zimebaki chache pembeni, zimelizunguka donge. Daktari akaweka kidole. "Hizi chache ndizo zinazokutembeza. Za mkono zilikatika siku ile ile, mzee."

"Siku ile ile," baba yako akasema. "Na picha ilijua?"

"Picha haijui kila kitu. Lakini kwa mkono wako ilikuwa wazi. Ndiyo maana nilisema tusiusubiri, tuufundishe wa pili mapema."

"Na Dada alijua."

Daktari akazima kioo.

Nikuambie kilichonipoteza. Mwezi wa tatu, daktari alipoionyesha picha hiyo, mimi nilimwambia, "Mwanangu, uzi wa mtande ukikatika sisi hatutupi nguo. Nashika ncha hii na ncha hii, nafunga fundo, napaka maji ya wali, napitisha kidole, na anayevaa hajui." Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Akaniambia hizi hazifungiki, Mama. Nikamwona ni mtoto ambaye hajawahi kufuma hata leso. Nikarudi nyumbani nikasema moyoni, utafungika, tumpe muda. Halafu ikaja barua yako iliyotaja Septemba na mikono miwili. Alivyofurahi siku hiyo, Rumondang. Ningeitoa bahasha kabatini na kumwambia nini?

Tulipofika nyumbani, alilichukua lile donge jekundu kwa mkono wa kushoto, mara ya kwanza namwona ameushughulisha, akaja mpaka kwenye kitanda changu cha kufumia akaliweka. "Asante kwa uzi, Dada. Ufumie." Akaenda kulala. Fimbo iko pembeni ya mlango tangu siku hiyo. Anageukia ukuta. Namlisha, anafungua mdomo, lakini hanifanyii utani, na mimi simwiti kifaranga.

Wiki hii ameniambia niishushe ile ulos ya tumbo niliyokufumia, niifunge, niipeleke kwenye basi. Nikamwambia ulos haitumwi kama mchele. Akasema, "Nguo ni nguo. Mwambie ajifunike." Nikamwambia tumwombe mdogo wetu wa kiume aje akushikie. Akasema hataki kuazima mikono. Ningekuwa na ruhusa ningekuja mimi kwa miguu kukufunika, lakini mimi ni binti niliyeolewa nikatoka kwenye ukoo. Ulos inatoka kwa baba yako, haitoki kwangu. Kuifuma naruhusiwa. Kuiweka begani mwako, hapana.

Basi kifurushi kinakuja pamoja na barua hii. Usimwandikie tena mambo ya mikono miwili.

Nimeshindwa kuandika nisamehe. Nimeandika tu hapa kwamba nimeshindwa.

Shangazi yako


Riau
10 Septemba 2017

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nampongeza Sahala, na ninamwonea huruma huyo mchumba, atajifunza kuchota maji. Mimi nimevimba miguu. Mtoto mzima, mkunga ana furaha naye. Lambok ameukarabati ule mlango wa chumba kitupu na ametia kitanda kidogo ndani, amekipaka rangi ya matangi ya kiwanda kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Kila usiku naupitisha mkono pale na kujiona tajiri.

Kifurushi kimefika. Sijakifungua.

Nilikukasirikia, Shangazi. Siku nzima sikutaka hata kuona mwandiko wako. Miezi yote ile mwili wake ulipokuwa tayari kujifunza, wewe ulikuwa unatafuta donge chini ya kitanda. Halafu jioni nikachukua barua zako zote, nikazipanga, nikaona zangu zilizokuwa katikati. Nani aliyesema mikono miwili? Nani aliyesema kaza? Wewe ulificha, mimi nikampigia ngoma. Tumemchosha mzee wa watu sisi wawili, kila mmoja kwa mapenzi yake. Sina hasira tena. Nina huzuni tu, nayo ni kubwa, nalala nayo, naamka nayo, Lambok anaijua mpaka inavyopumua.

Niliandika mahali pengine kwanza ili nione kama nitaweza, na sasa naandika hapa: mkono wa kulia wa Baba hautarudi. Hautanivuta tena. Ile siku ya harusi ndiyo ilikuwa ya mwisho na hakuna aliyetuambia tuiangalie vizuri.

Lambok aliisoma barua yako mwenyewe, akiifuata kwa kidole cheusi cha grisi. Imebaki na alama. Akatoka nje, akarudi.

"Baba mkwe hataki shoto kabisa?"

"Hataki."

"Amewahi kumwona mtu mzima anayeishi kwa shoto?"

"Atamwona wapi? Wewe uliukalia mkono wako siku nzima!"

Tukacheka, Shangazi, tukacheka mpaka nikashika tumbo, na katikati ya kicheko nikamwona anafuta macho. Akasema, "Siku ile ningekula kwa shoto angenifukuza mezani. Lakini leo angejua kwamba inawezekana." Kisha akakitazama kifurushi juu ya kabati. "Mimi sijifuniki mwenyewe. Nimeoa kwa watu."

Kwa hiyo sikiliza. Mkunga ametamka. Nimemsumbua mpaka amechoka. Tutakuja na gari la rafiki yake Lambok, taratibu, tukilala njiani. Najua ni baba anayepaswa kuja kwa binti. Wazee wakinung'unika, waache, wewe wape kahawa.

Barua hii msomee Baba yote, usiruke kitu. Kisha chukua ile ya Februari umsomee na yale niliyokukataza. Ajue kabla hatujafika kwamba mkwe wake mwenye adabu ni wa shoto tangu kuzaliwa. Akitaka kukasirika, akasirike. Nafuu hasira kuliko ukuta. Lambok atakaa mbele yake, atakula wali wake wote kwa mkono ule, asimwage hata punje, halafu atampa kijiko. Anasema atamfundisha kama anavyomfundisha fundi mpya: kwanza matusi, kisha nati kubwa, kisha ndogo.

Kuhusu shuka, nimefikiri sana. Tutakaa mbele ya Baba, Lambok upande wake wa kushoto. Ncha ya upande huo Baba ataivuta mwenyewe kwa mkono ulio mzima. Mimi nitakaa kulia kwake, karibu kabisa. Ule mkono uliolala nitauinua kwa mikono yangu, nitaupitisha juu ya mgongo wangu na shuka ikiwa imelala juu yake, nitajisogeza mpaka bega langu liguse la mume wangu. Hautanivuta. Nitakwenda mwenyewe. Utakuwa mzito, najua, na hautanijua, na nitalia, na wewe utalia jikoni usijifanye moshi. Lakini ulos itakuwa imetoka kwake.

Akikataa kugeuka, usimlazimishe. Sogeza tu kitanda chake hatua moja kutoka ukutani. Na tumbo langu hili, nitakaa kati yake na ukuta.

Tandika mkeka. Fimbo yake iweke anapoweza kuifikia. Kifurushi nakuja nacho mapajani, kimefungwa kama ulivyokifunga, na kabla mwezi huu haujaisha utatuona tunashuka kwenye kivuko.

Rumondang wenu